Hadithi Niliyompa Mwalimu

Mwezi uliopita nilipita Lavington kwa miguu, jambo ambalo sisi wa umri huu hatulifanyi tena bila sababu, nikakuta wafanyakazi waking'oa ua wa kayaba. Tingatinga lilikuwa limeshamaliza upande mmoja, na matunda yalikuwa yamepondeka chini ya magurudumu yakitoa ile harufu yake, tamu na kali kwa pamoja, kama jemu iliyoanza kuchacha. Nilisimama. Mmoja wao akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia hapana, nanusa tu. Alicheka, akarudi kazini. Tuliokulia upande huu wa Nairobi kabla ya kuta za mawe tunaijua kayaba: miiba mirefu kama sindano ya kushonea magunia, na matawi yaliyoshikana hata kuku hapenyi. Mimi nilipenya. Kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa nilipenya mara mbili kwa siku, na kovu moja bado liko nyuma ya sikio langu la kushoto.

Nilikuwa na miaka minane nilipoletwa Nairobi. Nyanya aliyenilea kule Maragoli alikuwa amefariki, na hapakuwa na mtu mwingine wa kuachiwa. Mama alikuwa yaya katika nyumba ya Wazungu, mume na mke na watoto wawili, waliobaki nchini baada ya bendera kubadilishwa. Walikuwa na sheria moja ambayo Memsab, yule mke, alimwambia mama siku ya kuandikwa kazi na akairudia mara kwa mara baadaye: kwota ya watumishi ni ya watumishi, mtoto asionekane pale. Mama alilea watoto wa Memsab kwa miaka minne akiwa ameniacha mimi kwa nyanya, na sheria hiyo haikumsumbua kwa sababu nilikuwa mbali. Baada ya matanga alifunga nguo zangu kwenye shuka, akanipandisha basi la usiku, na tulipofika Lavington hatukuingilia getini. Alinizungusha nyuma, mahali ambapo mpishi, Mzee Zakaria, alikuwa amepunguza miiba kwa panga na kuacha tundu linalomtosha mtoto.

Mzee Zakaria alikuwa mtu wa kwetu, wa kanisa letu pia. Ndiye pekee aliyejua. Jioni aliniletea maganda ya mkate ndani ya aproni yake, na kila mara aliniita Mgeni, kana kwamba jina langu, Kageha, lingeweza kusikika mpaka nyumba kubwa. Alinionyesha jinsi ya kupita uani: mkono mmoja mbele, kichwa chini, macho yamefungwa.

Chumba chetu kilikuwa na kitanda kimoja na dirisha dogo lililozibwa na gazeti. Nilifundishwa kutembea bila kiatu ndani, kutogusa sufuria, na kukohoa ndani ya blanketi. Hilo la kukohoa ndilo lililonishinda. Baridi ya Julai ya huku ilinikalia kifuani, na nilijifunza kumeza kikohozi kama mtu anavyomeza kidonge bila maji. Kwa akili yangu ya kitoto niliamini kwamba sheria ile ilitungwa kwa ajili yangu. Sikuwaza kwamba nyumba nyingi za mtaa ule zilikuwa na sheria hiyo hiyo. Niliona kwamba Memsab alinijua tangu kabla sijazaliwa, akanichukia mimi mahususi, na kwamba nikiwa mtoto mzuri vya kutosha siku moja atabadilisha nia.

Shule ilikuwa Muthangari, majengo ya mbao na mabati, mwendo wa nusu saa kama hukukimbia. Wengi wetu tulikuwa watoto wa wapishi, wayaya na watunza bustani waliotoka magharibi, na wengine walikuwa wa familia za Kikuyu zenye mashamba upande wa Dagoretti. Mliosoma miaka hiyo mtakumbuka kile kipande cha mbao kilichofungwa kwa kamba: ukikamatwa unaongea lugha ya kwenu unavishwa shingoni, na jioni anayebaki nacho anachapwa. Wiki zangu za kwanza kilikuwa kama shanga zangu. Kiingereza changu kilikuwa kuitikia ndiyo na hapana, Kiswahili changu kilikuwa cha kuokota, kwa hiyo nikaamua kunyamaza. Nilinyamaza muhula mzima. Mwalimu wa kwanza aliandika kwenye ripoti kwamba pengine sisikii vizuri.

Halafu akaja Mwalimu Nyokabi. Alikuwa msichana, hilo naliona sasa. Wakati ule alikuwa mtu mzima kabisa. Alitoka katika boma moja la Dagoretti, baba yake akiwa mzee wa kanisa mwenye ng'ombe wa maziwa, na alikuja kwa baiskeli akiwa amebeba viatu vyake vizuri kwenye mfuko. Akifika alifuta matope miguuni kwa kitambaa, akavaa viatu, ndipo akaingia darasani. Alinukia sabuni.

Ijumaa yake ya kwanza baada ya chakula cha mchana alituambia tusukume madawati ukutani tukae chini. Tulidhani ni adhabu. Akaketi nasi, akakunja sketi yake vizuri, akatusimulia jinsi alivyovunja kibuyu cha maziwa cha mama yake akiwa na umri wetu, akamsingizia ndama, na jinsi ndama yule alivyofungwa siku mbili bila kosa. Hakumalizia kwa mafunzo. Alituuliza tu kama kuna yeyote kati yetu aliyewahi kuwa ndama. Mikono ikainuka, mmoja mmoja.

Tangu siku hiyo kila Ijumaa ikawa ya hadithi. Kile kipande cha mbao alikitundika kwenye msumari, akasema Ijumaa mzee huyu anapumzika. Kila mtu aliruhusiwa kusimulia kwa lugha ya mama yake, na mwingine akatafsiri. Na aliweka sharti moja, ambalo alitufanya tulirudie kwa sauti kabla ya kuanza, wiki baada ya wiki.

"Ya hadithi yabaki kwa hadithi. Nje ya mlango huu hakuna atakayeulizwa."

Nataka niwe mkweli juu ya mwalimu huyu, kwa sababu kumtaja vibaya tu ni rahisi. Kulikuwa na mvulana aliyepigana na kila mtu, ambaye Ijumaa moja alisimulia habari za fisi aliyelala kwenye kiti mlangoni ili mtu yeyote asiingie ndani bila kumwamsha. Jumatatu Mwalimu alimhamishia mbele karibu na meza yake, na hakumchapa tena. Kulikuwa na msichana asiyefanya kazi ya nyumbani hata siku moja, na hadithi yake ilikuwa ya nyota iliyoishiwa mafuta ya taa. Wiki iliyofuata Mwalimu alianza kumwachia dakika kumi wakati wa mapumziko amalize kazi yake. Hakutangaza chochote. Alitusikiliza tukisema mambo ya fisi na nyota, akaelewa mambo ya nyumbani. Mpaka leo sijamwona mwalimu mwingine aliyewajua watoto wake namna ile.

Zamu yangu ilipita mara nyingi. Aliniangalia, akasubiri, akaendelea na mwingine bila kunikemea. Kisha Ijumaa moja ya mvua nilijikuta nimesimama. Nilisimulia kwa Kimaragoli, na binti mmoja wa kwetu akatafsiri. Nilisema palikuwa na kuku aliyeishi katika boma la tajiri, na tajiri huyo hakutaka vifaranga wakwarue maua yake. Kuku akaficha kifaranga chake ndani ya chungu. Kifaranga kikakua humo ndani, kikajifunza kulia kwa tumbo badala ya mdomo. Darasa lilicheka sana hapo kwenye kulia kwa tumbo. Mwalimu hakucheka. Aliuliza tu kifaranga kilikula nini, nikasema maganda ya mkate.

Wenzangu walipotoka alinishika bega. Aliuliza kwa sauti ya chini kifaranga kile kiliitwa nani.

"Mimi," nikasema.

Nikamwambia yote. Nyumba, ua, tundu, gazeti la dirishani, blanketi la kukoholea. Yalitoka kwa Kiswahili kibovu, lakini yalitoka yote, na nilishangaa kusikia sauti yangu ikidumu vile. Alinikumbatia. Sweta yake ilikuwa na unyevu wa mvua, na moyo wake ulipiga haraka sikioni mwangu. Tangu siku hiyo alinipa peremende za kifua kila asubuhi, moja kwa mkono wake, na nikawa mtoto mwingine. Niliongea. Nilicheza kamba. Mama alinishangaa jioni kwa sababu nilikuwa na mengi ya kunong'ona.

Muhula uliofuata Mwalimu alituambia kwamba wageni wangetaka kujua jinsi tunavyojifunza kwa hadithi. Lilikuwa kundi la akina mama, Wazungu kwa Wahindi na Waafrika wachache, waliosaidia shule zisizo na vifaa, nao walimwalika azungumze kwenye ukumbi mmoja katikati ya mji. Alichagua watoto watano. Nilipochaguliwa nilikimbia mpaka kwenye tundu la ua, na hapo ndipo nilipopata lile kovu, kwa kusahau kuinamisha kichwa. Mama alidhani ni safari ya shule ya kawaida. Alinifulia soksi, akaanika ndani ya chumba.

Tulienda kwa basi la mji. Kumbukumbu yangu ya ukumbi ni sakafu: mbao zilizopakwa nta, zinateleza, zinanukia kama ndani ya kabati. Akina mama walikaa kwenye viti vyenye mito, mikoba mapajani. Mwalimu Nyokabi alisimama mbele katika viatu vyake vizuri, akazungumza Kiingereza muda mrefu. Nilitambua neno la kuku. Wakacheka kwa upole. Kisha sauti yake ikashuka, akina mama wakaacha kutikisa miguu, na nikasikia jina la Lavington. Akanigeukia, akanionyesha kwa kidole nisimame.

Nikasimama. Akasema sentensi moja polepole, akiniangalia, na mama mmoja wa mstari wa mbele akatoa leso. Sikuelewa hata neno. Niliisikia kama mdundo: shi-kroliz-thruu-de-heji. Nilijua ni mimi ninayesemwa na nilijua ni jambo kubwa, kwa sababu watu wazima hawalii bure. Nilidhani nasifiwa. Nikapiga goti kidogo kama tulivyofundishwa, nikatabasamu kwa meno yote. Wakapiga makofi.

Wakati wa chai mama mmoja mwenye kofia ya kijani alikuja akanishika kidevu, akaniuliza jambo. Mwalimu alijibu kwa niaba yangu upesi, akanivuta pembeni. Nilikuwa na biskuti mbili nilizoficha kwenye soksi kwa ajili ya mama. Nikiwa kwenye basi nilizila zote mbili, kwa kuwa sikujua ningemweleza zimetoka wapi. Sikumwambia chochote. Ule mdundo nilibaki nao, nikawa nauimba kimoyomoyo nikipita uani.

Siku chache baadaye nilirudi kutoka shule nikachungulia kwenye tundu kabla ya kuingia, kama kawaida. Nikamwona Mzee Zakaria kwenye veranda ya jikoni pamoja na Memsab. Memsab alikuwa anauliza, naye alikuwa ameinua mkono, ananyosha kidole moja kwa moja upande wangu, kwenye ua. Nililala chini majanini hadi walipoingia.

Kesho yake Memsab alikuja kwota mwenyewe, mchana, mtunza bustani akimfuata na waya wa kuzibia tundu mkononi. Siku hiyo hatukuwa na masomo. Mlango ulifunguliwa na mwanga ukanipiga machoni. Nilimwona kwa mara ya kwanza kwa karibu, na kilichonishangaza ni kwamba hakuonekana kunijua kabisa.

"Yaya, hii toto ya nani?"

Mama alikuja akikimbia, mikono ina sabuni. Alisema ni wangu, Memsab.

"Mimi uliza wewe mara ngapi? Wewe sema hapana toto."

Hakupaza sauti. Alisema mama alimdanganya miaka yote, na hawezi kumwachia watoto wake mtu mwongo. Tulipewa mpaka siku ya pili. Mama alifungasha bila kulia, akikunja vitu vidogo ambavyo havikunjiki. Kisha akakaa kitandani, akanishika mabega.

"Nani alisema? Umewahi kumwambia mtu?"

Nikawaza. Nilikumbuka kumwambia Mwalimu, lakini hiyo ilikuwa hadithi, na ya hadithi hubaki kwa hadithi. Kwa kweli haikunijia hata kwamba hilo linahesabika. Nikamwambia nilichokiona kwa macho: Mzee Zakaria alimwonyesha Memsab uani kwa kidole.

Mama alinyanyuka akaenda mlango wa jikoni. Niliwasikia. Sauti ya mzee ilikuwa chini, ikikana, ikiapa. Ya mama ilisikika mpaka kwa mtunza bustani.

"Wewe ni mtu wa kwetu, Zakaria. Mtu wa kwetu. Afadhali ungeniambia niondoke mwenyewe."

Hatukumuaga. Alisimama nyuma ya jiko akiwa na kitambaa mkononi, nami nilipopita nilimkazia macho ya chuki mpaka akainamisha uso.

Mama aliniruhusu kupita shuleni kuaga, maana tulikuwa tunahamia Kawangware na shule ingekuwa nyingine. Ilikuwa Ijumaa. Nilitarajia madawati yamesukumwa, lakini watoto walikuwa wananakili hesabu. Nilimweleza Mwalimu kwamba tumefukuzwa. Alisimama na chaki mkononi. Hakuuliza kwa nini, hakuuliza nani. Alitia mkono kwenye mkoba wake, akanipa penseli mpya mbili, akageukia ubao akaendelea kuandika namba, na mgongo wake ukatikisika kidogo. Nilitoka nje nikilia kwa furaha ya aina fulani: kuna mtu mmoja mjini aliyehuzunika kwa ajili yangu.

Kawangware ilikuwa bado mashamba na vyumba vichache vya kupangisha. Mama alipata kazi ya kufua nguo kwenye fleti za Parklands, nyumba hii Jumatatu, ile Jumanne, akirudi na vidole vyeupe vilivyojikunja. Kila Jumapili tulisali na watu wa kwetu, na mama hakuficha kilichotupata. Alisema wazi kwamba Zakaria alituuza. Watu waliacha kumsalimu Mzee kwa mkono. Siku moja wazee wakamwomba apumzike kidogo kuongoza nyimbo, kazi aliyokuwa ameifanya muda mrefu. Akapumzika, kisha akaacha kuja kabisa, na baada ya miaka miwili tukasikia ameacha kazi Lavington na kurudi Maragoli. Sitajitakasa: nilifurahi. Niliona haki imetendeka.

Na muda wote huo niliendelea kuimba mdundo wangu. Niliuimba nikiruka kamba, niliuimba nikimsaidia mama kukamua mashuka. Yeye mwenyewe aliuzoea, wakati mwingine akauitikia kwa kuvuma. Alidhani ni wimbo wa shule.

Nilifika kidato cha pili. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa akitufundisha maneno mapya ya mashambani, akaandika moja ubaoni lenye maana ya ua wa miti, akataka mtu alitumie katika sentensi. Nikainua mkono. Sikufikiri, sentensi ilikuwa tayari kinywani tangu utotoni. Nikaisema yote kwa ule mdundo wake, na kabla sijaimaliza nikaielewa. Anatambaa kupitia kwenye ua. Mwalimu alisema vizuri sana, keti. Sikuweza kuketi. Niliomba ruhusa nikaenda nyuma ya choo, nikasimama huko na mkono ukutani mpaka kengele.

Haikuwa vigumu kumpata Mwalimu Nyokabi. Alikuwa amepanda cheo, watu wa Muthangari walijivunia hilo. Alikuwa anafundisha walimu wapya katika chuo kimoja Parklands. Likizo ilipofika nilitembea kutoka Kawangware hadi huko, nikiwa nimepanga maneno. Nilielekezwa kwenye darasa la chini. Madirisha yalikuwa wazi, naye alikuwa katikati ya somo, mnene kidogo, miwani usoni, sauti ile ile. Nikasimama nje kusubiri. Alikuwa anawaeleza jinsi hadithi inavyomfungua mtoto aliyejifunga. Safari hii nilielewa kila neno. Aliwaambia kuhusu kuku na chungu. Aliwaambia kuhusu mtoto wa yaya na ua wa kayaba. Na akawaambia mwisho: kwamba mwenye nyumba alipozisikia habari hizo alilia, akaenda mwenyewe kufungua geti la mbele, na tangu siku hiyo mtoto akaingilia mlangoni kama watu wengine. Walimu wapya wakapiga makofi.

Walipotoka, aliniona. Alinitambua papo hapo. Furaha ilimjaa usoni kabla ya kitu kingine, na huo ndio ukweli.

"Kageha," akasema. "Umekuwa mkubwa hivi?"

Nilisahau maneno yote niliyopanga.

"Mwalimu, Memsab hakufungua geti."

Alifunga mlango. Akaketi kwenye dawati la mwanafunzi, si kwenye kiti chake, akasema anajua. Nikamuuliza alijua tangu lini. Akasema tangu wiki ile ile. Yule mama wa kofia ya kijani alikuwa rafiki wa Memsab. Alitambua nyumba kwa maelezo, akamwambia. Kisha akaja shuleni kumweleza Mwalimu kilichotokea, akiwa na aibu yake. Alimweleza hata habari za mpishi: kwamba aliulizwa akakana kabisa, akasema tundu lile limetobolewa na mbwa wa jirani, akamwonyesha Memsab hata manyoya kwenye miiba. Memsab hakumwamini, akamkaripia kwa kuficha.

Niliuona tena ule mkono ulionyoshwa.

"Nilibadilisha jina lako," Mwalimu alisema. "Niliwaambia unaitwa Mary."

"Lakini ulinisimamisha."

Alivua miwani akaifuta kwa pindo la blauzi, muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Alisema alikuwa binti wa miaka ishirini na mbili, kwamba shule haikuwa na vitabu, kwamba baada ya siku ile vitabu vilikuja na madawati yakaja. Alisema alipojua yaliyotupata aliona haya kuja kwetu, na kila wiki iliyopita ikafanya haya hiyo iwe nzito zaidi. Akaniuliza nataka afanye nini.

"Uwaambie mwisho wa kweli."

Alitazama mlango ambao wanafunzi wake walitokea.

"Hawa ni walimu wapya, Kageha. Wakisikia mwisho ule hawatathubutu kumuuliza mtoto chochote."

Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayemweleza mwanafunzi jibu la hesabu, na nadhani aliamini. Kuna siku hata mimi huona alikuwa na hoja. Lakini wakati ule nilimwangalia nikajua kwamba mimi nitabaki kuwa Mary wake, nikiingilia getini kila muhula mbele ya wageni, na hakuna nitakaloweza kufanya. Nilitoka bila kuaga.

Jioni nilimkuta mama ameloweka miguu kwenye karai. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama: Ijumaa za hadithi, kuku, ukumbi, wimbo ambao haukuwa wimbo. Sikumficha kwamba mimi ndiye niliyesema, wala kwamba Zakaria alidanganya kwa ajili yetu akakaripiwa. Nilitarajia anipige, na ningeona nafuu. Alikaa mpaka maji yakapoa. Aliuliza jambo moja tu, kama nina hakika juu ya yale manyoya ya mbwa. Nikasema ndivyo nilivyoambiwa.

Jumapili alisimama kanisani bila kuitwa, akasema mbele ya watu wote kwamba alimzushia Zakaria na kwamba aliyekosa ni yeye. Hakunitaja. Watu waliguna, mtu mmoja akasema Mungu ni mwema, ibada ikaendelea. Siku ile ile akanikalisha mezani na karatasi nimwandikie Mzee barua, kwa kuwa yeye hakujua kuandika. Aliisema moja kwa moja bila kusita, kwa maneno machache. Alimwomba msamaha kwa jina lake na kwa jina langu. Mwishoni aliniambia niongeze kwamba Mgeni ndiye ameandika.

Jibu lilichukua wiki nyingi. Liliandikwa na mjukuu wake, kwa mwandiko wa shule, kwenye karatasi iliyochanwa kwenye daftari. Lilisema salamu, na kwamba mvua kule ni nzuri, na kwamba Mzee amesomewa barua mara mbili. Amesema amesikia. Hana la kuongeza.

Nilimsomea mama hadi chini. Alinyosha mkono, akaitwaa karatasi, akaigeuza nyuma akaangalia upande usioandikwa. Kisha akanirudishia, akaniomba nisome tena, polepole, kana kwamba kulikuwa na neno nililoruka.